Daftari la Anga Lisifutwe

Mgeni mwenye adabu hubisha hodi kabla ya kuingia nyumba ya watu. Desturi hii ni kongwe katika nchi yetu, wala haikuwekwa ili kumwudhi mgeni. Iliwekwa ili mwenye nyumba ajue ni nani aliye mlangoni, na mgeni naye asidhaniwe mwizi. Siku hizi wako wageni wapitao juu ya mapaa yetu usiku na mchana: ndege za abiria, ndege za mizigo na ndege za matajiri. Wengi katika wageni hao hubisha hodi kwa sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia, lakini chombo kidogo cha kutosha kiganjani huisikia vizuri. Ajabu ni kwamba wamezuka watu wenye mali na vyeo watakao hodi hiyo isisikiwe na kila mtu, ikisikiwa, isiandikwe, na ikiandikwa, ifutwe. Insha hii inawapinga watu hao. Inadai kwamba habari za safari za angani, ambazo ndege zenyewe huzitangaza waziwazi, ni haki ya umma kuzipokea, kuziandika katika kanzidata na kuzihifadhi. Daftari hilo likifutwa kwa kuwapendeza wachache, hasara yake yaweza kulipwa kwa maisha ya wengi.

Kwanza na tulifahamu jambo lenyewe, maana hoja isiyo na maarifa ni kelele. Ndege nyingi za leo hutumia utaratibu uitwao ADS-B. Ndege hujua mahali ilipo kwa msaada wa satelaiti, kisha hutangaza kwa redio, katika masafa ya megahezi 1090, namba yake, jina la safari yake, kimo chake, mwendo wake, upande inakoelekea na mahali ilipo. Habari ya mahali ilipo hutangazwa mara mbili hivi katika kila sekunde. Namba ya ndege ni ya biti 24, nayo hutolewa na nchi iliyoisajili. Kwa hesabu, namba za urefu huo zaweza kuwa 16,777,216, kwa hiyo kila ndege yaweza kuwa na yake isiyofanana na ya mwenzake. Tangazo lenyewe halikufungwa kwa fumbo lolote. Liliachwa wazi kwa makusudi, ili ndege nyingine na waongozaji wa ndege walisikie pasipo kizuizi. Mtu akisimika antena juu ya paa, akaiunganisha na kipokezi na kompyuta ndogo, aweza kuisikia ndege irukayo juu sana ingawa iko umbali wa kilomita 300, mradi pasiwe na mlima katikati. Maana mawimbi hayo husafiri moja kwa moja kama mwanga wa tochi.

Lakini kusikia hakutoshi. Neno lisemwalo hewani hupita kama upepo, na aliyelisikia jana hawezi kulithibitisha leo kama hakuliandika. Hapo ndipo haja ya kanzidata inapoonekana. Kanzidata ni daftari linalotunzwa na kompyuta kwa mpango maalumu, na daftari jema la anga huwa na majedwali mawili. Jedwali la kwanza hushika habari ya mwisho ya kila ndege. Tangazo jipya lifikapo, mstari wa zamani huondolewa, na mpya hukaa mahali pake. Jedwali hili ndilo lichoralo ndege zitembeazo juu ya ramani, ambazo watu hupenda kuzitazama. Jedwali la pili haliondoi kitu. Huongeza tu, mstari chini ya mstari, na kila mstari huandikwa saa ya tangazo, namba ya ndege na kipokezi kilichoisikia. Jedwali hili huwekewa faharasa ya saa na ya namba, ili mtu akiuliza ndege fulani ilikuwa wapi saa mbili na dakika arobaini, jibu lipatikane pasipo kupekua daftari zima. Jedwali la kwanza ni macho. La pili ni kumbukumbu. Wapinzani wetu huweza kuyavumilia macho kwa kiasi, lakini kumbukumbu huichukia.

Wako wasemao kwamba kutunza habari nyingi namna hii ni mzigo usiobebeka. Na tuupime mzigo huo kwa hesabu ya darasani. Chukua kipokezi kinachosikia ndege 50 kwa wakati mmoja, saa zote. Kila ndege ikitangaza mahali ilipo mara mbili kwa sekunde, tutapata matangazo 100 kwa sekunde, 360,000 kwa saa, na 8,640,000 kwa siku. Tangazo moja ni biti 112, yaani baiti 14. Basi matangazo hayo ya siku nzima ni baiti 120,960,000. Hata tukiongeza saa za kupokelewa na habari za mwendo, kompyuta ya bei ndogo huweza kuubeba mzigo huo. Asiyetaka kuweka nafaka asisingizie udogo wa ghala.

Sasa na tuje kwenye jambo linaloigusa nchi yetu kwa uchungu. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air, aina ya Boeing 737 MAX 8, iliruka kutoka Jakarta, Indonesia, na baada ya dakika 13 hivi ikaanguka baharini, wakafa watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines ya aina ile ile iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Baada ya dakika 6 ilianguka karibu na Bishoftu, wakafa wote 157 waliokuwamo. Wakenya katika hao walikuwa 32, idadi kubwa kuliko ya taifa jingine lolote. Siku ile ile Flightradar24, kanzidata iliyoanzishwa na Waswidi na kulishwa na vipokezi vya watu wa kujitolea duniani kote, ilitoa habari kwamba kupanda kwa ndege hiyo hakukuwa imara tangu iliporuka. Lakini vipokezi vya ardhini viliacha kuisikia kabla haijaanguka. Sehemu iliyosalia ya safari ilisikiwa na vyombo vilivyofungwa katika satelaiti.

Swali likawa moja: je, mikasa hii miwili ni ndugu? Uchina ilizizuia ndege za aina hiyo tarehe 11 Machi, na nchi nyingi zikafuata. Marekani, ambako ndege hizo huundwa, iliendelea kusema kwamba haijaona sababu ya kuzizuia. Kisha habari za satelaiti zilitazamwa, zikalinganishwa na habari za ndege ya Indonesia zilizokuwa zimehifadhiwa tangu Oktoba. Tarehe 13 Machi waziri wa uchukuzi wa Kanada, Marc Garneau, alitangaza kuzizuia ndege hizo, akataja mfanano wa safari hizo mbili. Siku hiyo hiyo Marekani nayo ilizizuia. Visanduku vya kumbukumbu za ndege vilikuwa bado kusomwa. Vilifika Ufaransa kesho yake. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba katika mikasa yote miwili programu ya ndege, kwa kudanganywa na kipimo kibovu, ilikuwa ikisukuma pua ya ndege chini mara kwa mara.

Msomaji kijana, ufikiri vizuri maana ya habari hii. Mchoro wa Machi usingekuwa na maana kubwa kama mchoro wa Oktoba ungekuwa umetupwa. Ushahidi haukupatikana katika safari moja. Ulipatikana katika kulinganisha safari mbili, na kulinganisha hakuwezekani pasipo kumbukumbu. Daftari halikuwaokoa ndugu zetu 32, na hilo ni jambo la kuhuzunisha. Lakini lilisaidia kuzishusha ndege za aina ile duniani kote kabla msiba wa tatu haujazaliwa. Mtu ajaye kwetu na kifutio mkononi na atueleze kwanza, angefuta mstari upi katika hiyo?

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba kufuatia ndege ni mchezo wa watu wasio na kazi. Hoja hii ni ya dharau, na dharau haina macho. Tarehe 24 Machi 2015 ndege ya Germanwings ilianguka katika milima ya Alps, Ufaransa, wakafa watu 150. Siku chache tu baadaye, habari zilizokuwa zimenaswa na vipokezi vya watu wa kawaida zilionyesha kwamba kimo kilichowekwa katika chombo cha kuiendesha ndege kilibadilishwa ghafula kutoka futi 38,000 hadi futi 96. Wachunguzi wa Ufaransa walipovisoma visanduku waliona jambo lile lile: kimo kiliwekwa futi 100. Antena za wanaoitwa wavivu zilikuwa zimesikia lililofanyika nyuma ya mlango uliofungwa. Mchezo ulioje huo unaotoa ushahidi wa namna hii?

Hoja ya pili ni ya usalama. Husemwa kwamba adui ataitumia kanzidata ya umma kuzivizia ndege. Hoja hii yastahili jibu la heshima, kwa sababu usalama si jambo la mzaha. Jibu lake ni kwamba tangazo lenyewe li wazi. Adui mwenye nia mbaya hana haja ya kuomba ruhusa katika kanzidata yetu. Atanunua kipokezi chake na kukaa kimya nacho. Ukiifuta kanzidata, umewafumba macho raia, na adui umemwacha anaona. Ndege za vita zina njia zao za kunyamaza pindi kazi yao inapodai ukimya, na hakuna mwenye akili azikatazaye. Hata pale ambapo kuna hatari ya kweli, dawa ni kuichelewesha habari kwa saa au siku kadha kabla ya kuionyesha. Kuchelewesha ni kuficha kwa muda. Kufuta ni kuua ushahidi. Tofauti yake ni kama tofauti ya kufunga mlango na kuichoma nyumba.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi duniani leo, kwa kuwa wenye kuitetea wana fedha. Wamiliki wa ndege binafsi husema kwamba kuandika safari zao ni kuingilia siri ya maisha yao. Nchini Marekani mamlaka ya usafiri wa anga ina mpango ambao kwa huo mwenye ndege huweza kuomba habari za ndege yake zisionyeshwe na wale wanaozipata kutoka kwa mamlaka hiyo, na sheria ya mwaka 2024 imewaongezea wenye ndege binafsi njia ya kuficha majina na anwani zao katika daftari la usajili lionwalo na watu. Mwaka 2022 tajiri Elon Musk alinunua mtandao wa Twitter. Mwezi wa Novemba alitangaza kwamba, kwa jinsi anavyopenda uhuru wa kusema, hataifunga akaunti iliyokuwa ikieleza safari za ndege yake. Mwezi wa Desemba akaunti hiyo ilifungwa. Uhuru wa kusema ulidumu mpaka ulipomgusa mwenye nyumba.

Mimi sikatai kwamba mtu ana siri yake. Katiba yetu ya mwaka 2010 inailinda faragha katika ibara ya 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeweka mipaka ya kukusanya habari za watu. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara hizi mbili ni jirani wapatanao, si mahasimu. Daftari la anga halitaji majina ya abiria, wala walilokula, wala sababu ya safari yao. Linaandika kwamba chombo fulani, chenye namba iliyotolewa na serikali, kilipita mahali fulani saa fulani, juu ya vichwa vya watu ambao kingeweza kuwaangukia. Mwenye matatu barabarani hulazimika kubandika namba ambayo kila mpita njia huisoma. Kwa haki gani mwenye ndege aruhusiwe kupita bila namba kwa kuwa chombo chake kina bei kubwa zaidi? Isitoshe, ndege ya waziri, ya mfanyabiashara aliyepewa zabuni, au ya afisa anayesafiri kwa kodi ya wananchi, yote huonekana sawa katika kanzidata. Tukiwaruhusu wachache wafute mistari yao, hatutajua kamwe ni mstari wa nani uliofutwa, wala kwa nini.

Hoja ya nne husema kwamba daftari la anga laweza kusema uongo. Kweli, laweza. Ndege hutangaza mahali inapodhani ipo, na ishara za satelaiti zikivurugwa, ndege yaweza kudanganyika. Mnamo Aprili 2024 Finnair ilisimamisha kwa muda safari zake za kwenda Tartu, Estonia, kwa sababu ya uvurugaji wa namna hiyo. Tena, kwa kuwa tangazo halina kufuli, mjanja aweza kutangaza ndege isiyokuwapo. Lakini ni nani atakayeugundua uongo huo kama si mwenye daftari? Kila ndege hutangaza pia ina hakika kiasi gani ya mahali ilipo. Habari hizo zikikusanywa kutoka ndege nyingi, eneo la uvurugaji huonekana katika ramani kama doa katika nguo nyeupe. Na tangazo likisikiwa na vipokezi vinne au zaidi, tofauti ndogo za wakati wa kufika huweza kuonyesha lilitoka wapi hasa. Uongo hushindwa kwa mashahidi wengi, haushindwi kwa kuwafukuza mashahidi.

Wala tusidhani kwamba kanzidata hujua kila kitu. Tarehe 8 Machi 2014 ndege ya Malaysia Airlines, safari MH370, ilinyamaza ikiwa na watu 239. Chombo chake cha kutangaza kilipozimwa au kuzimika, daftari lilifika mwisho wa mstari. Mwaka 2016 kipande cha bawa lake kiliokotwa kisiwani Pemba, katika bahari yetu hii ya Uswahilini, lakini mwili wa ndege ile haujulikani ulipo. Baada ya msiba huo mataifa yalikubaliana katika shirika lao la usafiri wa anga kwamba, tangu Novemba 2018, makampuni yafuatilie mahali zilipo ndege zao kubwa ziwapo juu ya bahari walau kila dakika 15. Hivyo hata wenye mamlaka wamekiri kwamba ukimya wa angani ni hatari. Baada ya kukiri hivyo, itakuwaje tena waununue ukimya kwa ajili ya marafiki zao?

Sasa na tujiangalie sisi wenyewe. Daftari la anga ya Kenya laweza kuandikwa na yeyote mwenye antena, lakini madaftari makubwa ya dunia yako mikononi mwa wageni. Baadhi yao ni watu wema. OpenSky Network, iliyoanza mwaka 2012 kwa kazi ya watafiti wa Uswisi, Ujerumani na chuo kikuu cha Oxford, huwatunzia watafiti matangazo ghafi kama yalivyosikiwa. Wengine ni wafanyabiashara, na biashara huuzwa. ADS-B Exchange ilipata sifa kwa kukataa kuficha ndege ya mtu yeyote, ikalishwa na maelfu ya watu waliojitolea. Mnamo Januari 2023 iliuzwa kwa kampuni, na wengi katika waliokuwa wakiilisha wakang'oa vipokezi vyao kwa hasira. Walikuwa wamelima shamba pasipo kuuliza hati iko kwa nani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na mtegemea daftari la mgeni atasoma kile tu ambacho mgeni ataacha kisomwe.

Kwa hiyo nadai kwamba shule na vyuo vyetu viandike daftari lao wenyewe, kwa idhini ya wenye mamlaka na kwa kufuata sheria za nchi. Ndege irukayo chini husikiwa na kipokezi kilicho karibu tu. Basi pafaa pawe na vipokezi Taita na Marsabit, Lamu na Kisumu, Ngong na Eldoret. Masharti yawe machache na magumu. Tangazo liandikwe kama lilivyosikiwa, pamoja na saa yake na kipokezi chake, wala lisirekebishwe. Nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja, ili moto au amri ya siku moja isiliangamize daftari. Majina ya abiria yasitafutwe. Penye sababu ya kuchelewesha, sababu hiyo iandikwe, na siku ya kuifungua habari itajwe. Na mtu awaye yote, tajiri au mtawala, asipewe kifutio.

Wanafunzi watakaoifanya kazi hiyo watajifunza hesabu, jiografia na elimu ya mawimbi kwa jambo wanaloliona kwa macho yao. Lakini faida iliyo kuu si ya mtihani. Taifa ambalo watoto wake wamezoea kuuliza "ni nani apitaye?" na kuliandika jibu, halitawaliwi kwa urahisi na watu wapendao giza. Ndege zinatangaza usiku na mchana. Kwetu limebaki jambo moja, kusikiliza na kuandika. Na wale wasemao tuache, wao ndio watueleze wanaogopa mstari upi.